Mbio ndefu za farasi: yanayosemwa na yalivyo

Kila picha za Mongol Derby, mbio za farasi za kilomita 1,000 nchini Mongolia, zinaposambaa mitandaoni, hukumu hutoka papo hapo: watu wa mijini wamekwenda kuua farasi wa watu kwa starehe zao. Hasira hiyo naielewa, maana ina historia. Mwaka 1892 maofisa wa jeshi wa Ujerumani na wa Austria-Hungaria walishindana mbio kati ya Berlin na Vienna, karibu kilomita 600. Mshindi, Starhemberg, alitumia siku tatu hivi. Farasi wake, Athos, akafa, na wengine wengi wakafa. Siku zile mwamuzi alikuwa saa peke yake.

"Farasi mmoja hukimbizwa kilomita 1,000"

Hapana. Mongol Derby, iliyoanza 2009, inafuata mtindo wa posta ya farasi ya Chinggis Khan, mtawala wa kale wa Wamongolia: mpanda hubadilisha farasi kila baada ya kilomita 40 hivi, kwenye kituo ambacho wenyeji hukiita urtuu. Mpaka amalize, atakuwa amepanda farasi zaidi ya 25. Kilomita 1,000 ni za binadamu, ndiye anayelala na mapaja yaliyochubuka na kuamkia tandiko.

"Wale madaktari wa mifugo ni geresha tu"

Hebu simama kwenye kituo utazame. Farasi anaingia akiwa na jasho jeupe shingoni. Daktari anamwekea stetoskopu nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele na kuhesabu mapigo ya moyo. Farasi aliyetulia huwa na mapigo kati ya 28 na 44 kwa dakika. Katika mbio za kimataifa za kilomita 160, kipimo cha kawaida ni 64, na lazima yashuke kufikia hapo ndani ya dakika chache zilizowekwa. Kisha anabonyeza ufizi: unageuka mweupe, na rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Anavuta ngozi ya shingo aone inarudi upesi au inabaki imesimama, dalili ya kukaukiwa maji. Anasikiliza ubavuni. Tumbo la farasi mzima hunguruma, na likiwa kimya ndipo daktari anapokunja uso. Mwisho, farasi anakimbizwa telki kwenye ardhi ngumu, waone kama anachechemea.

Na kuwa wa kwanza kuvuka mstari si kushinda. Mwaka 2013 mpanda mmoja kutoka Texas alitangulia kumaliza Mongol Derby, lakini mapigo ya farasi wake yakakataa kushuka kwa wakati. Akaongezewa adhabu ya saa mbili, na ushindi ukaenda kwa Lara Prior-Palmer, Mwingereza wa miaka 19, mwanamke wa kwanza kushinda mbio hizo.

"Farasi mwenye joto usimwagie maji baridi"

Hii hata watu wa farasi wameirithi kwa babu zao: ati misuli itakaza, ati atakufa ganzi. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996, penye joto na unyevu, ulionyesha kwamba maji baridi yanayomwagwa mfululizo ndiyo dawa ya haraka. Kunywa pia anyweshwe. Farasi anayefanya kazi juani anaweza kupoteza lita 10 za jasho au zaidi kwa saa, na jasho lake lina chumvi nyingi kuliko letu. Ukimnyima maji unamharakishia balaa.

"Hodari wa viwanjani ndiye atakayeshinda"

Mwaka 2019 Mongol Derby ilichukuliwa na Bob Long, Mmarekani wa miaka 70. Kuruka vizuizi kwa dakika mbili uwanjani ni ustadi, sikatai, ila hapa unahitajika mwingine: kujua farasi huyu, uliyekutana naye dakika kumi zilizopita, ana pumzi ya wapi, kupunguza mwendo kabla ya kituo ili moyo ushuke, kuteremka na kutembea kwenye mteremko mkali. Mpanda aliyechoka huketi kama gunia la mkaa, uzito ukaegemea upande mmoja, na mgongo wa farasi ndio unaochubuka. Waliokulia Lamu na punda wa mizigo hawahitaji kuelezwa hili.

"Sheria zipo, basi farasi wako salama"

Hapa ndipo watetezi nao wanapojidanganya. Mwaka 2015 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, liliisimamisha Falme za Kiarabu kwa sababu ya majeraha ya farasi na ukiukaji wa kanuni. Mwaka 2018 huko Tryon, Marekani, mbio za ubingwa wa dunia zilikatizwa kwa joto na unyevu, na farasi mmoja aliyepata tatizo la figo ikabidi auawe. Wasomaji wa Oman na Ghuba wanazijua zile njia tambarare za jangwani, magari yakifukuzana na farasi pembeni, kasi ikipita kilomita 25 kwa saa. Kwa maoni yangu urefu wa njia unalaumiwa bure. Kinachovunja miguu zaidi ni kasi, na kasi huja pale zawadi inapokuwa nono.

Linganisha na Tevis Cup ya California, iliyoanza 1955: kilomita 160 za milima, saa 24, na takriban nusu tu ya wanaoanza ndio humaliza. Ipo zawadi ya pili pale, Haggin Cup. Asubuhi inayofuata, farasi wa wale kumi wa kwanza hurudishwa mbele ya madaktari. Wapanda wenyewe wanatembea kama vikongwe, lakini hakuna anayewatazama. Macho yote yako kwenye miguu minne, na kikombe anapewa farasi aliyebaki na hali nzuri kuliko wote.