Unataka kuwa askari wa uhifadhi? Jiandae na kalamu kama unavyojiandaa na bunduki

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka tu simu zinaanza, vijana na wazazi wanauliza kitu kilekile, nifanyeje niwe askari wa wanyamapori, na swali la pili karibu kila mara ni la mbio au la silaha, tunakimbia umbali gani, bunduki tunaanza kushika lini. Maswali mazuri na nitayajibu. Ila kuna moja ambalo sijui kwanini watu hawaliulizi na ndo linaloamua utakuwa askari wa aina gani: unaweza kuandika maelezo yakasimama mahakamani? Mimi kazi yangu ni kufundisha hawa vijana na ningependa mzazi ajue mafunzo yenyewe yakoje kabla hajauza ng'ombe kulipa ada.

Tuanze na njia za kuingia, hapa sitakaa sana. Kwa Tanzania chuo kinachofahamika zaidi kwa askari wa ngazi ya kuanzia ni Taasisi ya Taaluma ya Wanyamapori Pasiansi, pale Mwanza, kipo tangu miaka ya 60 na kinatoa astashahada ya awali ya uhifadhi wa wanyamapori na utekelezaji wa sheria kwa mtu aliyemaliza kidato cha nne. Kiwango cha chini kwa vyeti vya ngazi hiyo ni ufaulu wa masomo manne ukiondoa ya dini, D inahesabika, lakini ukiwa na baiolojia na jiografia unakaa vizuri zaidi, kwahiyo usiangalie tu idadi ya D zako, soma tangazo la mwaka husika mstari kwa mstari. Mweka kule Moshi, kilichoanza 1963, kinajulikana zaidi kwa kutoa maafisa, ingawa nako wapo wanaoanzia ngazi za chini. Alafu kuna Likuyu Sekamaganga, Namtumbo mkoani Ruvuma, ambako wanafundishwa askari wa wanyamapori wa vijiji, VGS, wale wanaolinda maeneo ya jumuiya za hifadhi. Hii njia ya VGS watu wanaidharau bure kabisa. Mtu aliyezunguka pori la kijiji chake akiwa VGS akija darasani unamwona tu, anajua kusoma nyayo, anajua kuongea na mwenyekiti wa kitongoji, na hapotei porini. Ndugu zetu wa Kenya wao askari wa KWS, shirika la wanyamapori la huko, wanapikwa Manyani, huko Tsavo, utaratibu wao ni mwingine kwahiyo wafuate matangazo ya kwao.

Waajiri wakubwa huku ni wanne: TANAPA kwenye hifadhi za taifa, TAWA kwenye mapori ya akiba na mapori tengefu, Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na TFS kwenye misitu. Wote wamo ndani ya Jeshi la Uhifadhi, yaani kuna kwata, kuna vyeo, kuna saluti, kuna amri. Kama huwezi kuamrishwa na mtu mliyelingana umri naye, fikiria upya mapema, sikukatishi tamaa, ila hilo limeshawarudisha nyumbani vijana wenye nguvu kuliko wewe.

Sasa mwili. Ndio mbio zipo, na paredi ipo, na kuamka kabla ya jogoo kupo, lakini doria yenyewe haiendi mbio, inaenda kwa kutembea, unatembea na maji yako, chakula chako, silaha, blanketi, siku nzima, kesho tena, na keshokutwa unaamka kama hujachoka. Kinachowaangusha wengi mwanzoni sio pumzi, ni miguu. Buti jipya kwenye mguu ambao umezoea ndala linatoa malengelenge siku ya kwanza, yanapasuka siku ya pili, siku ya tatu hutembei na wenzako wanabeba mzigo wako. Kwahiyo wewe unayesubiri kuitwa chuo anza leo kutembea na begi lenye uzito, vaa buti, vaa soksi nzuri, panda vilima, ongeza mzigo kidogokidogo. Hilo litakusaidia kuliko pushapu mia za kujirekodi na simu.

Silaha mtashika, na mtajifunza kuifungua na kuifunga mpaka mikono iwe inajua yenyewe, lakini kabla ya kulenga shabaha unafundishwa lini USIPIGE. Hili tunalirudia mpaka vijana wanachoka kulisikia, kwasababu risasi ikishatoka hairudi, na mwenye kufa anaweza kuwa mama aliyeingia kuokota kuni. Kuna mengine madogo ambayo hamna anayeyategemea, kwa mfano majivu. Askari wazoefu wanabeba majivu laini kwenye soksi kuukuu, akikaribia kichaka anaitikisa kidogo anaangalia vumbi linaelekea wapi, kama linaelekea kule kwa tembo maana yake harufu yako imeshafika, mnazunguka upande mwingine. Nyati na tembo wengi wanaoumiza askari walikuwa wamekutwa ghafla, karibu, bila kutegemea, kwahiyo kujua upepo ni kinga kabla ya bunduki.

Huduma ya kwanza nayo sio somo la kujaza ratiba. Mko mbali na hospitali na mwenzako kagongwa na nyoka: usichanje, usinyonye, usifunge kamba kukata damu. Mtulize, alale, vua pete na saa kabla hapajavimba, kizuie kiungo kisitikisike, ita kwenye redio, apelekwe haraka kwenye kituo chenye dawa ya sumu ya nyoka. Mila za nyumbani kwenye hili zimeua watu ambao wangepona.

Nije kwenye kile nilichosema mwanzo. Chukua mtego wa waya, ndo kitu ambacho askari mpya anakutana nacho zaidi ya jangili mwenye bunduki. Maeneo ya Serengeti nyaya nyingi zinatoka kwenye matairi ya gari, tairi linachomwa, mpira unaisha, zinabaki nyaya ngumu. Unakuta tanzi limening'inia juu ya njia ya wanyama inayoteremka kwenye maji, usawa wa kichwa cha nyumbu, mwisho wa waya umefungwa chini ya mti, na majani ya pembeni yamekatwa au miiba imewekwa ili mnyama asiwe na pa kupita ila hapohapo. Kijana wa kawaida anang'oa anaweka begini anaendelea. Tunachomfundisha ni asimame kwanza. Waya una kutu au bado una masizi? Gome la mti limesuguliwa? Kuna nyayo za mtu, za kiatu gani, mtu alikuja peke yake na akaondokea upande upi? Maana mtego mpya una mwenyewe na mwenyewe atarudi kuukagua, sasa hapo kiongozi wa doria aamue, tunautoa au tunavizia. Alafu piga picha, chukua jira, yaani namba za mahali ulipo, kwenye GPS, andika saa. Ukishautoa bila kuandika, umeokoa mnyama mmoja, vizuri sana, lakini hakuna atakayejua kesho doria ipite wapi.

Na mkimkamata mtu na nyama au na nyara nyingine kama pembe au ngozi, hapo ndo ile kalamu inapimwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 ni kali, mtu akipatikana na hatia ya kumiliki nyara za serikali anaweza kwenda jela miaka 20 hadi 30. Na ujangili wenyewe haukuwa wa mchezo, idadi ya tembo Tanzania ilikadiriwa karibu 109,000 mwaka 2009, ilipofika 2014 ilikuwa kama 43,000 tu. Lakini adhabu kubwa namna hiyo inadai ushahidi safi, na ni haki iwe hivyo, kwasababu aliyesimama kizimbani anaweza kuwa hana kosa. Kwahiyo hati ya ukamataji mali inajazwa hapohapo mlipomkamatia, inasainiwa na mtuhumiwa, na kama kuna shahidi huru na yeye anasaini. Kama ni mwanamke anapekuliwa na mwanamke, na hii ni sababu mojawapo nawaambia mabinti waombe bila woga, vituo vinawahitaji sana. Kila kielelezo kikitoka mkono mmoja kwenda mwingine kiandikwe nani kampa nani, lini, kimehifadhiwa wapi, mpaka siku kinatolewa mahakamani. Mkija kusema kilikaa tu kituoni, wakili wa utetezi atauliza kwa nani, na mkibabaika kesi imekwisha.

Nyama ni ngumu zaidi kwasababu inaoza. Huwezi kukaa nayo miezi ukisubiri kesi isikilizwe, inabidi ipelekwe kwa hakimu, fomu ya inventori, yaani ya kuorodhesha mali inayoharibika, ijazwe, hakimu atoe amri ya kuiteketeza. Sasa sikiliza vizuri hapa kijana: Mahakama ya Rufani imeshasema zaidi ya mara moja kwamba mtuhumiwa lazima awepo mbele ya hakimu wakati huo na apewe nafasi ya kusema neno lake. Kuna kesi ambazo watu walikutwa na nyama kweli, doria ilifanya kazi usiku kucha, na mwisho wameachiwa kwenye rufaa kwasababu tu nyama iliteketezwa bila wao kuwepo. Pia shahidi akiulizwa ulijuaje ni nyama ya nyumbu hawezi kujibu "najua tu, mimi ni mtaalamu", aseme aliona mkia wenye singa ndefu nyeusi, aseme rangi ya ngozi, aseme kwato. Ndo maana tunawapa vijana zoezi la kuangalia kitu kwa dakika chache kisha kuandika walichoona bila kuongeza na bila kupunguza, na hapo wale wepesi wa mbio wengi wanakwama, wanaandika "tulimkamata jangili sugu", nawauliza usugu wake umeuona wapi, andika ulichokiona.

Upande mwingine wa kazi ambao picha za mitandaoni hazionyeshi ni kijiji. Tembo wameingia kwenye mahindi usiku, mama kalima msimu mzima, asubuhi hakuna kitu. Utaitwa wewe, na utakuta watu wana hasira na wana haki ya kuwa na hasira. Utafukuza tembo kwa tochi zenye mwanga mkali, honi na mabomu baridi, yaani ya kishindo tu, utasaidia kuweka uzio wa pilipili, lakini baada ya hapo kaa chini na yule mama, mweleze utaratibu wa kifuta jasho, ile pesa ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama, unavyokwenda, kwamba anatoa taarifa kwa uongozi wa kijiji mapema, shamba lipimwe na afisa wa wilaya kabla hajalilima upya, na mwambie ukweli kwamba hailingani na thamani ya mazao yake. Askari anayefika akaanza kufoka "hamjui sheria" amepoteza kijiji kizima, na kijiji ndo kinachojua nani analala porini na nani anauza nyama usiku. Taarifa nyingi nzuri zinaletwa na mtu aliyewahi kuheshimiwa na askari.

Ajira sasa, maana ndo kinachowaumiza wengi. Kumaliza chuo sio kuajiriwa, nafasi zinatangazwa chache na waombaji ni wengi, na matangazo mara nyingi yanaweka kikomo cha umri, kwahiyo usikae nyumbani miaka kadhaa ukiamini cheti kinakusubiri. Waliopitia JKT mara nyingi wanapewa kipaumbele. Wakati unasubiri jitolee kwenye jumuiya ya hifadhi iliyo karibu, jifunze GPS, jifunze kuendesha gari na kupata leseni halali, na andika kila siku ulichokiona shambani au porini, hata nusu ukurasa. Matangazo rasmi yanatoka kwenye Ajira Portal na tovuti za taasisi zenyewe, na hakuna hatua yoyote ya usaili inayolipiwa. Ukipigiwa simu na mtu anayejiita afisa anataka hela ya "kuweka jina", usitume hata shilingi, hifadhi namba yake na meseji zake kama zilivyo, bila kufuta kitu, na upeleke polisi au TAKUKURU.