Je, wajua kwa nini Mzanzibari hutaja Zanzibar kwanza, na mtu wa Bara hujiita Mtanzania tu?

Mtu wa Mwanza au Mbeya akiulizwa taifa lake, hujibu kuwa yeye ni Mtanzania, basi. Mtu wa Unguja au Pemba, hata akiwa anaupenda Muungano kwa dhati, aghalabu huanza kwa kusema kuwa ni Mzanzibari. Wapo wanaodhani kuwa chanzo chake ni dini au nasaba. Nionavyo, chanzo kikubwa zaidi ni namna Muungano wenyewe ulivyoundwa.

Tarehe 26 Aprili 1964 ziliungana nchi mbili, Tanganyika na Zanzibar, kila moja ikiwa na kiti chake katika Umoja wa Mataifa, lakini hazikuingia kwa namna moja. Serikali ya Tanganyika ilikoma, mambo yake yakashikwa na Serikali ya Muungano, ilhali Zanzibar ilibaki na serikali yake kwa mambo yasiyo ya Muungano. Mtu wa Bara hakuona kilichoondoka, kwa kuwa Ikulu, Bunge na wizara viliendelea pale pale Dar es Salaam. Ndiyo maana husikika watu wa Bara wakisema "Tanzania na Zanzibar", kauli inayowachoma Wazanzibari wengi, na kwa haki kabisa.

Mzanzibari, kwa upande wake, hukumbushwa uzanzibari wake kila siku: ana Rais wa Zanzibar, Baraza la Wawakilishi, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na, tangu 2005, bendera. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliposema bungeni kuwa Zanzibar si nchi, visiwani watu walikasirika sana, na mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ilirekebishwa ili itamke wazi kuwa Zanzibar ni nchi.

Juu ya hayo ipo hofu ya kumezwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchini, na Zanzibar ilikuwa na takriban milioni 1.9 tu kati yao. Mambo ya Muungano, yaani yale yaliyo chini ya Serikali ya Muungano, nayo yameongezeka kutoka 11 ya awali hadi 22, na kila nyongeza Wazanzibari wengi huihesabu miongoni mwa kero za Muungano, kwa kuwa mamlaka yanayohama ni ya kwao.

Hata hivyo, Bara nako hisia ya Utanganyika haikufa kabisa. Mwaka 1993 kundi la wabunge 55 lilidai serikali ya Tanganyika irudishwe, na Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amekwisha kustaafu, akalipinga kwa nguvu zake zote.