Usajili wa NFL: ukisikia milioni 500, uliza kwanza

Kila Machi, saa tano usiku kwa saa za Afrika Mashariki, simu yangu huanza kutetemeka mezani. Huko New York ni saa kumi jioni, mwaka mpya wa NFL umefunguliwa rasmi, na wachezaji waliomaliza mikataba wanaanza kusaini. Kwenye grupu letu la WhatsApp tuko wachache tunaokesha kwa ajili ya futiboli ya Marekani, na karibu wote tumekulia kwenye soka. Usajili tunaujua kwa Simba na Yanga, tunaujua kwa Ulaya, na habari za NFL tunazisoma kwa miwani hiyohiyo. Ndiyo maana ubishi wetu wa Machi huwa uleule kila mwaka. Mengi ya haya hapa chini niliwahi kuyabishia mimi mwenyewe, tena kwa sauti.

"Mwenye pesa ndiye mwenye kombe"

Kwenye soka la Ulaya maneno haya yana ukweli wake. Kwenye NFL timu zote 32 zinabanwa na kikomo kimoja cha mishahara. Mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2 kwa kila timu. Kilipoanza, mwaka 1994, kilikuwa milioni 34.6. Kinafuata mapato ya ligi, kwa hiyo kawaida hupanda, ingawa mwaka 2021, baada ya msimu wa korona na viwanja vitupu, kilishuka kutoka milioni 198.2 hadi 182.5, na timu nyingi zikajikuta zinatema watu zilizokuwa zinawapenda. Pesa za televisheni za kitaifa, ambazo ndizo nyingi, hugawanywa sawa kwa sawa.

Matokeo yake ni mambo ambayo mtu wa soka huyaona ya ajabu. Green Bay ni mji wa watu kama laki moja huko Wisconsin. Timu yao, Packers, haina tajiri anayeimiliki. Ina wanahisa, wananchi wa kawaida waliotundika vyeti vya hisa ukutani. Agosti 2025 timu hiyo ilimchukua Micah Parsons, mmoja wa wakaba kwotabeki (mrusha mpira anayeongoza mashambulizi) wakali kuliko wote, kutoka Dallas Cowboys, timu yenye jina kubwa kuliko zote Marekani, ikampa mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 188. Na Dallas hawakupokea ada ya uhamisho, maana huku haipo. Walipewa beki mwingine, Kenny Clark, na nafasi mbili za raundi ya kwanza ya drafti (zamu za timu kuchagua vijana wa vyuo), ya 2026 na ya 2027. Sarafu ya NFL ni hizo nafasi, na mwenye kubadilishwa mara nyingi haulizwi anataka kwenda wapi.

Tajiri ana nafuu moja tu: anaweza kutoa taslimu nyingi leo. Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa tamu.

"Mahomes alipewa nusu bilioni"

Julai 2020 Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs alisaini miaka 10 yenye thamani ya hadi dola milioni 503. Vichwa vya habari vikalimeza lile neno "hadi". Pesa zilizohakikishwa kabisa siku ya kusaini zilikuwa takriban milioni 63. Zilizobaki hupata uhakika kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, mradi yeye bado yuko.

Hii ndiyo tofauti kubwa na soka. Mchezaji wa soka mwenye mkataba wa miaka minne, klabu ikimchoka, lazima imlipe au wakubaliane namna ya kuachana. Kwenye NFL mshahara wa mwaka kesho, kama haukuhakikishwa, unafutika siku unapotemwa. Kwa hiyo ukisikia dau, kiasi cha jumla kiache. Uliza zilizohakikishwa ni ngapi, na za kusaini ni ngapi.

Hizo za kusaini tuziweke mezani. Chukua mchezaji wa kubuni: miaka 5, dola milioni 100, na kati ya hizo milioni 40 ni pesa ya kusaini. Anazipata mara moja. Lakini kwenye vitabu vya kikomo, sheria inaruhusu zigawanywe kwa miaka ya mkataba, isizidi mitano: milioni 8 kila mwaka. Mwaka wa kwanza mshahara wake ukiwa milioni 2, mfukoni ameingiza 42, ila kwenye daftari la timu anasomeka 10. Kila mtu anafurahi. Mwaka wa pili mshahara ni 8, anasomeka 16. Halafu goti linaharibika, au kocha mpya hampendi, wanamtema. Zile milioni 24 za kusaini ambazo hazijaandikwa bado zinaangukia daftari kwa mpigo. Zinaitwa pesa mfu: nafasi ya kikomo inaliwa na mtu ambaye hata kabati lake la nguo limeshapewa mwingine. Timu ikimtema kwa utaratibu wa baada ya Juni 1, inaweza kulibeba deni hilo kwa miaka miwili badala ya mmoja. Kulikwepa haiwezi.

Denver Broncos wanalijua hili kuliko mimi na wewe. Machi 2022 walimchukua kwotabeki Russell Wilson kutoka Seattle kwa wachezaji watatu na furushi la nafasi za drafti, mbili zikiwa za raundi ya kwanza. Kabla hajawachezea mechi hata moja ya ligi wakamwongezea miaka 5 ya dola milioni 245. Machi 2024 wakamtema. Pesa mfu: milioni 85 kwa miaka miwili, 53 kati yake ndani ya mwaka 2024 pekee. Wilson akaenda Pittsburgh kwa mshahara wa kima cha chini, dola milioni 1.21, huku Denver wakiendelea kumlipa.

Nilisema kwenye grupu kwamba Denver wamezikwa. Msimu huohuo wakashinda mechi 10 wakaingia mtoano, na kwotabeki wao alikuwa Bo Nix, kijana wa mwaka wa kwanza mwenye mkataba wa bei nafuu ya vijana wa drafti. Sikuandika chochote kwa siku mbili.

"Basi kikomo chenyewe ni geresha"

Hii ni dhana ya wale waliojifunza somo la hapo juu wakalikatisha katikati. Wanaona timu imezidi kikomo kwa mamilioni mwezi Februari, kisha Machi iko sawa na imesaini majembe mapya, wanasema ni mchezo wa kuigiza.

Wanachofanya kweli ni kukopa kwa mwaka kesho. Mshahara wa mwaka huu unageuzwa kuwa pesa ya kusaini, unatandazwa mbele, nafasi inapatikana leo. New Orleans Saints wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Drew Brees alipokuwa kwotabeki wao ilikuwa na maana: una mtu wa kukufikisha, kopa. Alistaafu Machi 2021, na mwaka huo walihitaji kupunguza karibu dola milioni 100 ili wafike chini ya kikomo. Wakapunguza kwa kutandaza tena. Mwaka 2023 wakamsaini kwotabeki Derek Carr kwa miaka 4, milioni 150. Misimu minne baada ya Brees, 2021 hadi 2024, hawakuingia mtoano hata mara moja, na Mei 2025 Carr naye akastaafu akiwa na bega bovu. Kwa hiyo kikomo kipo. Kina tabia ya duka la mangi: daftari linakubali, na daftari halisahau.

"Aliyetamba Machi atatamba Februari"

Philadelphia Eagles, mwaka 2011. Walisaini nyota juu ya nyota, na mkubwa wao alikuwa Nnamdi Asomugha, beki wa pembeni aliyezaliwa na wazazi wa Kinigeria, kwa miaka 5 ya dola milioni 60. Kwotabeki wao wa akiba, Vince Young, akawaita timu ya ndoto mbele ya waandishi. Ndoto ikaisha na ushindi wa mechi 8 na vipigo 8, nje ya mtoano. Msimu uliofuata walishinda 4, na kocha Andy Reid akafukuzwa. Alikwenda Kansas City, akachukua Super Bowl, fainali ya ligi ya kila Februari, mara tatu. Yale manunuzi hayakuwa ya watu wabovu. Asomugha, kwa mfano, alikuwa bingwa wa kumng'ang'ania mtu mmoja pembeni, na Philadelphia wakamsogeza huku na kule kwenye kazi nyingine.

Timu ileile, meneja mkuu yuleyule, Howie Roseman, Machi 2024. Anamsaini Saquon Barkley, mkimbizaji mpira, kutoka kwa majirani na mahasimu wao New York Giants: miaka 3, dola milioni 37.75. Wapo waliobeza, kwa sababu imani ya wakati huo ni kwamba wakimbizaji hawalipwi, wanachakaa mapema. Ila Roseman tayari alikuwa na ukuta wa wazuiaji wa mbele, majitu yanayomfungulia mkimbizaji njia. Barkley akakimbia yadi 2,005 msimu huo. Februari 2025 wakawapiga Chiefs 40-22, na sisi tuliokuwa macho tangu saa nane na nusu usiku tulienda kazini Jumatatu na macho mekundu.

Kwenye ukuta ule alikuwemo Jordan Mailata, kijana wa Australia aliyetoka kwenye raga, hajawahi kucheza futiboli ya Marekani hata mechi moja, aliyechaguliwa wa 233 mwaka 2018. Siku hiyo hakuna aliyeweka jina lake kwenye kichwa cha habari.

"Nafasi ya juu ya drafti ni dhahabu mkononi"

Ni tiketi ya bahati nasibu yenye uwezekano mzuri kidogo. Mwaka 2021 San Francisco 49ers walipanda kutoka nafasi ya 12 hadi ya 3, wakatoa juu yake nafasi za raundi ya kwanza za 2022 na 2023, ili wamchukue kwotabeki Trey Lance. Alianza mechi 4. Agosti 2023 walimpeleka Dallas kwa nafasi moja ya raundi ya nne.

Katikati ya hayo, mwaka 2022, walimchagua kijana mmoja wa 262, wa mwisho kabisa kwenye orodha, nafasi ambayo mwenye nayo hupewa jina la utani la "Bwana Asiye na Maana". Ni Brock Purdy. Msimu wa 2023 aliwafikisha Super Bowl akiwa na mshahara wa dola 870,000. Kwa kwotabeki hiyo ni nauli. Kwa sababu yeye alikuwa nafuu, timu iliweza kumlipa Nick Bosa milioni 170 kwa miaka 5 na bado ikajaza vyumba vingine. Mei 2025 bili ikafika: Purdy, miaka 5, milioni 265. Mwezi Machi, kabla hata hajasaini, walikuwa wameshaachana na akina Deebo Samuel, Dre Greenlaw na Talanoa Hufanga.

Zamani hata unafuu huu haukuwepo. Kwotabeki Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza kwenye drafti ya 2010, alipata mkataba wa miaka 6 wa milioni 78. Mwaka mmoja baadaye ligi na chama cha wachezaji walikubaliana kuwapangia vijana viwango, na Cam Newton, wa kwanza wa 2011, akasaini miaka 4 kwa milioni 22. Tangu hapo kila timu inamtafuta kwotabeki kijana kama mtu anayetafuta kiwanja kabla barabara ya lami haijafika.

"Mkataba ukiisha, mchezaji yuko huru"

Si lazima. Kila mwaka timu inaweza kumwekea alama mchezaji mmoja na kumbakiza kwa mwaka mmoja wa mshahara mnono, bila yeye kupenda. Washington walimfanyia hivyo kwotabeki wao Kirk Cousins mwaka 2016 na tena 2017, jumla karibu dola milioni 44. Alipofunguliwa, 2018, Minnesota wakampa milioni 84 za miaka 3, zote zimehakikishwa. Sijui nani alicheka zaidi.

"Akishasaini NFL, ameula"

Hii huja na picha ya kijana ameshika jezi, na maoni mia mbili ya hongera. Kipindi cha mapumziko kila timu hubeba hadi watu 90. Mwishoni mwa Agosti lazima wabaki 53. Zidisha kwa timu 32: zaidi ya watu 1,100 wanatemwa kwa siku chache, na baadhi yao hurudishwa kwenye vikosi vya mazoezi kwa malipo madogo.

Mwaka 2013 Daniel Adongo, Mkenya aliyekuwa akicheza raga Afrika Kusini, alisainiwa na Indianapolis Colts bila kuwahi kucheza mchezo huu. Kwenye ule mchujo aliangukia kikosi cha mazoezi, na Desemba mwaka huo akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Alicheza mechi chache, akaumia, na mwaka 2015 akaachwa. Kwa hapa nyumbani watu wengi hawakujua hata kwamba aliwahi kuvaa jezi ile. Kule, kazi ya kumwambia mtu kwamba ameachwa ina mhusika wake: anapita asubuhi kwenye vyumba, anagusa bega, anasema kocha anakuita, njoo na kitabu chako cha mbinu. Ukisikia hilo la kitabu, huna haja ya kuuliza.