Mgomo ukikukuta Roma: wanayosema watu na ukweli ulivyo

Ukimtajia Roma mtu aliyewahi kufika, atakusimulia mambo mawili: Colosseum, ule uwanja wa kale wa michezo, na siku treni zilipogoma. Hadithi zote mbili huwa na chumvi nyingi.

Dhana: Waitalia hugoma ghafla tu, unaamka asubuhi umeshakwama.

Sheria namba 146 ya mwaka 1990 inataka mgomo wa usafiri utangazwe siku 10 kabla, na wizara yao ya uchukuzi huweka kalenda ya migomo mtandaoni. Neno la kutafuta ni *sciopero*, yaani mgomo. Na hata siku yenyewe ikifika, si kila kitu kinalala. Siku za kazi, treni za mikoani zina saa ambazo lazima zitembee: saa 12 hadi saa 3 asubuhi, kisha saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Ndege nazo zinalindwa saa 1 hadi saa 4 asubuhi, na tena saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. (Nahesabu saa zetu, kwenye vibao vyao utasoma 06:00 na 18:00, usije ukachelewa kwa ajili yangu.) Kuanzia tarehe 27 Julai hadi 5 Septemba, migomo ya ndege hairuhusiwi kabisa.

Dhana: Bila metro, treni za chini ya ardhi, siku imeharibika.

Imeharibika kwa aliyepanga hoteli mbali. Kutoka Colosseum hadi Pantheon, hekalu la kale lenye kuba, ni mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu, na chemchemi ya Trevi iko jirani. Kiu isikutishe. Mjini kuna mabomba ya chuma zaidi ya 2,000 yanayotiririsha maji safi ya kunywa, bure, wenyewe wanayaita *nasoni*, yaani mapua makubwa. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole. Maji yataruka juu kupitia kitundu kilicho mgongoni mwake, unakunywa bila kuinama. Mimi nilinunua chupa siku mbili nzima kabla bibi mmoja mwenye mbwa hajanionyesha.

Dhana: Pantheon ilijengwa na Agrippa, ni bure, na mvua haiingii.

Zote tatu si kweli. Jina la Agrippa, jemadari wa Roma ya kale, limechongwa mbele kwa herufi kubwa, lakini jengo lake liliungua; hili tunaloliona lilikamilika enzi za Kaizari Hadrian, karibu mwaka 126, naye akaliacha jina la mwenzake palepale. Kiingilio kilianza Julai 2023, euro 5. Kuhusu mvua, utasikia eti hewa ya moto huirudisha juu. Tundu la kwenye kuba lina upana wa karibu mita 9 na halina kioo. Inaingia! Tazama sakafuni: kuna vitundu 22 vya kupitishia maji.

Na vile vishimo kwenye kuta za Colosseum si alama za risasi. Humo mlikuwa na vyuma vilivyoshikanisha mawe, watu wakaving'oa Zama za Kati.

Dhana: Ndege ikifutwa kwa mgomo, huna cha kudai.

Hapa ndipo watu wetu wanapopoteza hela. Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2004, inamlinda kila anayepanda ndege Roma, shirika liwe la Ulaya, la Ghuba au la Afrika. Kwenda ni tofauti: ukitoka Dar es Salaam au Nairobi, inakulinda tu ukipanda shirika la Ulaya. Wakigoma wafanyakazi wa shirika lenyewe, fidia kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 inaweza kufika euro 600. Wakigoma waongoza ndege, fidia hakuna, lakini chakula, na hoteli ikibidi kulala, bado ni juu ya shirika.

Mimi sikuyajua hayo. Nililala sakafuni uwanja wa ndege, begi likiwa mto, nikanunua mkate na kahawa kwa hela yangu, na risiti nikazitupa kwenye pipa lililokuwa hatua tatu kutoka kaunta ya shirika. Siku hizi hata risiti ya chai naipiga picha.