Mtoto Anayetafuna Kila Kitu, na Yule Asiyetaka Kuguswa Mdomoni

Mwanangu ana miaka mitano na bado anatafuna kola ya shati. Ni utundu?

Hapana. Mtoto mchanga huijua dunia kwa mdomo, na kwa kawaida tabia hiyo hupungua anapokaribia miaka miwili. Kwa baadhi ya watoto haja hiyo haiishi. Misuli ya taya ina nguvu nyingi, na inapotafuna kitu kigumu huupa ubongo hisia nzito ya mgandamizo. Hisia hiyo humtuliza mtoto aliyezidiwa na kelele, wasiwasi au uchovu. Huonekana sana kwa watoto wenye usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na hisia), lakini kutafuna peke yake hakuthibitishi kwamba mtoto ana usonji.

Kwa hiyo nisimkataze?

Ukimkataza bila kumpa mbadala, atahamia kwenye kucha, penseli au mkono wa mwenzake. Mpe kifaa cha kutafuna cha silikoni kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kipande kimoja kisichomezeka. Kikague kila siku, na kikianza kuchanika kitupe. Kama ni cha kuvaa shingoni, kamba iwe ya kufunguka yenyewe inapovutwa, na asilale nacho.

Angalia pia ni saa ngapi anatafuna zaidi. Kama ni wakati wa kazi ya darasani au kwenye umati, mpe mapema, kabla hajaanza kuhangaika. Mweleze mwalimu sababu, kwa maana inaumiza mtoto kunyang'anywa kitu kinachomtuliza na kuitwa mchafu mbele ya wenzake.

Kunywa kitu kizito kwa mrija, kupuliza mapovu ya sabuni na kula vyakula vya kutafunwa sana husaidia vilevile. Ila aliye chini ya miaka minne asipewe karanga nzima wala vipande vya mboga mbichi ngumu, vinaweza kumkaba.

Mdogo wake ni kinyume: akiona mswaki analia, na chakula kipya kinamtia kichefuchefu.

Huyo kinywa chake hupokea mguso mdogo kama mkubwa mno. Tafadhali usimshike kichwa ukamsugua kwa nguvu, utamwongezea hofu. Mwache ashike mswaki laini mwenyewe. Anza na mashavu, kisha midomo, kwa mkono thabiti, kwa sababu mguso mwepesi mara nyingi humkera zaidi. Ukifika kwenye meno, hesabu kwa sauti hadi tano na uache kweli, ajue kuna mwisho. Dawa ya meno iwe na floraidi, isiyo na ladha kali. Chakula kipya kiweke kidogo kando ya anachokipenda, bila kumlazimisha kukionja.

Lini niende kwa daktari?

Akimeza visivyo chakula, kama udongo, karatasi au rangi, kwa mwezi mmoja au zaidi. Aangaliwe upungufu wa madini ya chuma na sumu ya madini ya risasi (lead). Nenda pia kama kutafuna kumeanza ghafla (huenda jino au sikio linauma), kama anapaliwa mara kwa mara, au anapungua uzito. Omba rufaa kwa mtaalamu wa tiba kazi (anayemsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku) au wa usemi na umezaji.

Akimeza betri ndogo ya duara, usisubiri dalili wala usimtapishe. Inaweza kuunguza umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) ndani ya saa mbili, hivyo mkimbize hospitali hapohapo.