Kuandika miongozo ya programu huria: dhana potofu na ukweli wake kwa mtu aliyeko Mwanza

Vijana wengi wa Malimbe, Nyegezi na Buzuruga wanatumia programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza na kuzirekebisha, kila wiki: QGIS kwa ramani, LibreOffice kwa ripoti, Linux kwenye laptopu iliyochoka kubeba Windows. Ukiwaomba wajitolee kuandika maelezo ya matumizi ya programu hizo, wengi wanarudi nyuma. Sababu wanazotoa nimezisikia mara nyingi. Nyingi hazina mashiko. Moja au mbili zina ukweli ndani yake na zinastahili kujibiwa vizuri. Nazijibu hapa kwa sababu kazi hii inawahitaji watu wa huku, na inawahitaji kwa hali waliyo nayo sasa, kabla hawajawa wataalamu.

“Mimi siyo mtu wa kodi (msimbo wa kompyuta), nitaandika nini?”

Hii ndiyo inayowazuia wengi, tena wale hasa ambao wangefaa. Mwaka 2017 GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya programu, iliwahoji watu wapatao 5,500 wa miradi huria. Asilimia 93 walisema maelezo pungufu au yaliyopitwa na wakati ni tatizo lililoenea. Papo hapo, asilimia 60 ya wachangiaji walisema kazi ya maelezo huigusa mara chache sana au hawaigusi kabisa. Wanaojua kodi wapo, pengo wameliona, na hawajaliziba.

Sidhani kama ni uvivu. Mtu aliyeitengeneza programu haoni tena hatua anazozipita. Nahodha anayevuka kwenda Ukara kila siku huukwepa mwamba uliojificha chini ya maji bila hata kuufikiria. Anayeuliza mwamba uko wapi ni mgeni. Kwa hiyo aliyekwama jana, akahangaika, akajinasua, ana kitu ambacho mtaalamu ameshakipoteza: anakumbuka alikwamia wapi na kilichomtoa ni nini. Kumbukumbu hiyo haikai. Mwezi ukipita atakuwa amezoea, naye ataandika “sakinisha, kisha endelea” kama wengine wote.

Chukua QGIS. Kitabu chake cha mafunzo, ambacho ni kizuri kwelikweli, kinatumia data ya Swellendam, mji wa Afrika Kusini. Swellendam iko kwenye ukanda wa 34 kusini wa UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda za kuchorea ramani. Mwanza iko ukanda wa 36 kusini, ambao ndani ya programu unautafuta kwa namba EPSG:32736. Mwanafunzi anayechora mialo ya Ilemela akitumia ukanda wa Swellendam, ramani itafunguka, rangi zitapendeza, na huenda asione dalili yoyote ya kosa. Lakini akipiga hesabu za umbali kwenye ramani hiyo bapa, kila kilomita 10 za ufukwe zitaongezeka kwa takribani mita 200, na maeneo yatavimba kwa asilimia 4 hivi. Kinachomwokoa ni maelezo mafupi ya Kiswahili: chagua ukanda wa mahali unapochora, na hivi ndivyo unavyoujua. Maelezo hayo hayadai kodi hata mstari mmoja. Yanadai mtu aliyeketi akalifanya zoezi lote kwa data ya Mwanza, akaona linapopinda.

“Kiingereza changu hakitoshi”

Utafiti ule ule wa GitHub ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wa miradi hii husoma na kuandika Kiingereza chini ya kiwango cha “vizuri sana”. Hao nao ni wasomaji wa miongozo. Wanachohitaji ni sentensi fupi, tendo moja kwa kila hatua, maneno ya kawaida. Na mtu aliyejifunza Kiingereza darasani huandika hivyo bila kujilazimisha. Kosa la sarufi mhakiki atalirekebisha kwa dakika chache. Hatua iliyorukwa hawezi kuirekebisha, kwa sababu hajui kwamba imerukwa.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Nawaheshimu sana waliofanya kazi ile. Lakini menyu peke yake haimfundishi mtu. Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa pale Kirumba anataka ukurasa unaomwonyesha jinsi ya kujumlisha hisa za wanachama na kukokotoa riba ya mkopo, kwa majedwali yanayofanana na daftari lake. Eneo hilo kwa kiasi kikubwa bado ni pori. Kabla ya kutafsiri chochote, uliza kama mradi una orodha ya istilahi za Kiswahili zilizokubaliwa. Kama haipo, anzeni na hiyo, la sivyo kila mfasiri ataleta neno lake na msomaji atapotea kati ya ukurasa mmoja na mwingine.

“Kazi yenyewe ni kukaa na kuandika”

Kuandika ni sehemu ndogo. Kubwa ni kujaribu. Unatafuta kompyuta ambayo programu hiyo haijawahi kuwekwa, unafuata maandishi yako mwenyewe neno kwa neno, bila kujisaidia na ulichonacho kichwani. Ukimaliza, unampa mtu mwingine afuate huku wewe umenyamaza. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko kuandika. Akisita, usimwelekeze, andika pembeni alisita wapi, kwa kuwa hapo ndipo maandishi yako yana tatizo.

Na hapa ndipo mazingira yetu yanapogeuka kuwa elimu. Miongozo mingi imeandikwa kana kwamba umeme haukatiki na intaneti haipimwi kwa MB. Inasema “pakua”, inaendelea. Faili la kusakinisha QGIS kwenye Windows linazidi GB 1. Kwa mtu aliyeunganisha laptopu na simu kwa bando, hilo ni jambo la kuambiwa kabla hajabofya, pamoja na namna ya kuendeleza upakuaji uliokatika njiani, kwa mfano kwa amri ya wget -c, badala ya kuanza upya. LibreOffice nayo: kwa wanaotumia Windows, maelezo ya msaada ya kusomea nje ya mtandao ni faili jingine, linapakuliwa peke yake. Asiyeambiwa hivyo atavuka na kompyuta yake hadi Ukerewe, abonyeze F1 akitafuta msaada, apelekwe kwenye tovuti isiyofunguka kwa sababu mtandao umegoma.

Ukubwa wa faili. Kinachohitaji intaneti na kisichohitaji. Kiasi cha kumbukumbu ya kompyuta (RAM) ambacho chini yake programu inaanza kugandaganda. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, uanzie wapi. Mtu wa Mwanza anayajua haya kwa kuishi nayo, na akiyapima na kuyaandika anakuwa amemsaidia wa Bukoba, wa Musoma, na mwingine yeyote anayehesabu bando. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona vijana wakiyaona mazingira yao kuwa aibu ya kufichwa, wakati miradi ina uhaba mkubwa wa taarifa za aina hiyo.

Kwa mchangiaji mwenyewe bando si kizuizi kikubwa hivyo. Maelezo mengi ni mafaili ya maandishi matupu, mara nyingi kwa Markdown, muundo uliobuniwa mwaka 2004 ambao alama zake za msingi unazimudu kwa jioni moja. Ukihitaji nakala ya mradi mzima, Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mradi, ina amri ya git clone --depth 1 inayoleta hali ya sasa bila historia ya miaka yote, na kwa mradi mkongwe tofauti yake kwenye bando ni kubwa.

“Lazima niandike mwongozo mzima”

Hapana. Kiungo kilichokufa, jina la kitufe lililobadilika, ujumbe wa kosa ambao hakuna aliyeufafanua: kila kimoja kinatosha kuwa mchango. Ukitaka kuandika ukurasa mpya, uliza kwanza kama kuna mtu anaushughulikia. Na amua ni ukurasa wa aina gani. Daniele Procida, katika mfumo wake uitwao Diátaxis, anayagawa maelezo mafungu manne: somo la kumshika mkono anayeanza, maelekezo ya kutimiza kazi fulani, marejeo ya kutazamia, na ufafanuzi wa kwa nini mambo yako hivyo. Kurasa nyingi zinazochosha zimechanganya yote manne mahali pamoja.

“Ni kuwafanyia matajiri kazi ya bure”

Hii ina ukweli, na sipendi inavyopuuzwa. Yapo makampuni makubwa yanayopata faida kutokana na programu huria, na mengine yana waandishi wanaolipwa mshahara kwa kazi hii hii. Kujitolea hakulipi pango la chumba cha Igoma. Asiyekuwa na muda wala nguvu baada ya kibarua asione haya kusema hapana.

Kwa anayeweza, ushauri wangu ni kuchagua mradi ambao manufaa yake anayaona karibu. DHIS2, inayoendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, ndiyo Tanzania inayotumia kukusanya takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na maelezo yake yako wazi kwa yeyote kupendekeza marekebisho. Ukurasa ukieleweka, anayeingiza takwimu Magu au Sengerema anamaliza ripoti bila kumpigia simu mtu wa mkoani. OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanza 2004, ndiyo iliyobeba kazi ya mradi wa Ramani Huria ya kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayofurika maji. Hawa ni watu wetu na mitaa yetu.

Kuna pia kinachobaki mkononi mwako. Historia ya Git huhifadhi kila badiliko lako kwa jina na tarehe, na mwajiri anaweza kulisoma lote; kwenye mijadala ya mradi ataona pia jinsi ulivyojibu ulipokosolewa. Soma leseni ya maelezo kabla ya kuanza; miradi mingi hutumia leseni za Creative Commons, zinazowaruhusu wengine kuitumia kazi yako kwa masharti, na mingine inataka utie saini makubaliano ya mchangiaji, ambayo nayo yasomwe hadi mwisho. Malipo huwapo mara chache: Google Season of Docs, mpango wa Google ulioanza 2019, uliwahi kutoa fedha kwa miradi ili iwalipe waandishi. Usiweke bajeti kwa tumaini hilo. Na yeyote anayekudai ada ili “akuunganishe” na mradi huria ni tapeli. Kuchangia hakuna kiingilio.

“Picha za skrini za kazi halisi ndizo zinazoeleweka zaidi”

Usithubutu, hasa kwenye mifumo ya afya na fedha. Jina la mgonjwa, namba ya simu ya mwanachama, hata nywila iliyobandikwa ukingoni mwa skrini, vyote vikishawekwa hadharani havirudi, na historia ya Git hukumbuka hata ulichofuta. DHIS2 ina mfumo wa majaribio ulio wazi, wenye takwimu za kubuni zilizopangwa kwa ramani ya Sierra Leone. Piga picha humo.

“Akili mnemba itaandika yote”

Inaandika haraka, na inataja kwa kujiamini hata kitufe kisichokuwepo. Haijasakinisha programu kwenye laptopu ya GB 4 wala haijaona nini kilitokea umeme ulipokatika. Mwaka 2024 mradi wa Gentoo, aina mojawapo ya Linux, ulipiga marufuku michango inayotengenezwa kwa zana hizo. Miradi mingine inaziruhusu kwa masharti. Soma kanuni za mradi wako, na ukiitumia kunyoosha lugha, kila hatua bado uifanye kwa mkono wako.

“Wakinirudishia kazi, wamenidharau”

Kwetu ujumbe unaoanza bila salamu huuma. Kwenye miradi hii ndivyo watu wanavyoandikiana: “Hatua ya 3 haifanyi kazi kwangu, rekebisha.” Basi. Kurudishiwa maandishi ni sehemu ya kawaida ya kazi, na wenye kodi wanarudishiwa vilevile. Kimya nacho mara nyingi si kukataliwa. Mtunza mradi anaweza kuwa mtu mmoja anayeshughulikia maombi yote usiku baada ya ajira yake. Kumbusha kwa upole baada ya wiki mbili. Lakini ukikuta watu wanaotukana wageni na hakuna anayewakemea, ondoka bila kuomba ruhusa, maana miradi inayohitaji mikono ni mingi.

“Nitaanza nikishajua Git vizuri”

Kwa marekebisho madogo huhitaji kuijua vizuri. Ukiwa na akaunti ya GitHub, fungua faili la maelezo, bofya alama ya penseli, nayo itakutengenezea nakala yako mwenyewe. Badilisha unachotaka, kisha ueleze kwa sentensi mbili ulichobadilisha na kwa nini. Ongeza kitu kimoja ambacho wengi wanakisahau: toleo la programu ulilojaribia, na mfumo wa kompyuta uliokuwa nao. Menyu huhama kutoka toleo hadi toleo, na atakayesoma ukurasa wako baada ya miaka miwili atataka kujua kama hatua zako zilikuwa sahihi kwa toleo alilo nalo yeye.