Balbu ya zenoni si taa ya zenoni

Kuchomeka balbu ya zenoni kwenye taa iliyoundwa kwa halojeni hakulifanyi gari liwe na taa za zenoni. Kunamwaga mwanga mwingi ovyo, na anayeulipia kwa macho yake ni dereva anayekuja mbele.

H4, balbu ya halojeni yenye nyuzi mbili, wa dimu (mwanga wa karibu) na wa fuli (mwanga wa mbali), ndiyo mbaya kuliko zote. Ndani ya H4 halisi, chini ya uzi wa dimu, kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usifike nusu ya chini ya rifleta, kioo cha nyuma kinachourudisha mwanga mbele. Kikombe hicho ndicho kinachochora mstari: juu giza, chini mwanga. Rifleta nayo imekokotolewa kwa uzi ule, mahali palepale. Zenoni haina uzi. Ina tao la umeme la milimita 4 hivi kati ya elektrodi mbili, linalojipinda kuelekea juu na kung'aa zaidi kwenye ncha. Hata ukiliweka pale uzi ulipokuwa, umbo lake ni jingine na mwanga unatoka na umbo jingine. Kisha D2S, balbu ya zenoni ya projekta, hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 3,200 hivi, wakati dimu ya H4 hutoa kama 1,000. Kila mwale uliopotea njia sasa una nguvu mara tatu. "Lakini nimezishusha!" Kushusha taa hakuondoi mtawanyiko, kunakupunguzia umbali wa kuona, basi.

Rangi nayo isikuhadae. Balbu za kiwandani zipo karibu na Kelvini 4,300, kipimo cha rangi ya mwanga. Ukipanda hadi 8,000 unapata ubuluu na unapoteza lumeni.

Kinachofaa ni projekta nzima ya kiwandani kutoka gari lingine: lenzi, bakuli linalorudisha mwanga, bati la kukatia mwanga, solenoidi ya kusogeza bati hilo kama ni bai-zenoni (projekta moja ya dimu na fuli), na balasti, kifaa kinachoipa balbu umeme wake. Balbu iwe D2S. D2R, ndugu yake, imepakwa mistari ya kuzuia mwanga kwa ajili ya rifleta. Bakuli likiwa limeungua na kufifia juu ya balbu, liache. Angalia pia upande: projekta ya nchi wanakoendesha kulia mwa barabara huinua mwanga kulia. Ukiipeleka wanakoendesha kushoto, mwinuko huo unamwangukia usoni anayekuja, na kuizungusha hakutibu kitu.

Ili projekta iingie, taa lazima ifunguliwe. Iliyozibwa kwa butili, gundi inayolainika kwa joto, hufunguka: toa balbu, skrubu na klipu zote, oveni nyuzi 100 za Selsiasi, dakika 8 hadi 10, kisha vuta polepole. Iliyozibwa kwa gundi ngumu isiyolainika kwa joto itapasuka, usiiguse. Kuziba tena tumia butili mpya. Mvuke wa silikoni isiyofaa hutia ukungu lenzi kwa ndani. Matundu ya kupumulia yaache wazi.

Kabla ya kukaza projekta, washa na utazame ukutani mita 10 mbele, gari likiwa mahali pasawa. Skrubu za taa zitarekebisha juu na chini baadaye, lakini hakuna skrubu itakayonyoosha projekta iliyokaa mshazari. Mstari ushuke sentimita 10 chini ya kimo cha lenzi. Epoksi au boliti? Sijaridhika na yoyote peke yake: epoksi huachia plastiki inapotanuka kwa joto, boliti hulegea kwa mtikisiko. Tumia zote mbili.

Umeme: kila balasti yaweza kuvuta ampea 15 au zaidi inapowaka, kisha hushuka hadi 3 na ushee. Nyaya kuukuu za swichi haziwezi, kwa hiyo vuta moja kwa moja kutoka betri kupitia rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), fyuzi ya ampea 20 kila upande. Pima kwanza, maana swichi ya taa ya magari mengi ya Kijapani hukata upande wa hasi, si wa chanya. Tena, H4 nyingi huzima dimu ukiweka fuli. Kwenye bai-zenoni tao litazimika, hivyo rilei ya dimu lazima ishikiliwe na fuli pia, kwa diodi, kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Kiwashio hurusha zaidi ya volti 20,000: chomoa betri kabla ya kugusa.

Kinachonisumbua bado ni mzigo. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 48 inadai kirekebishi cha kimo cha kujiendesha na kiosheo cha taa kwa chanzo kinachozidi lumeni 2,000, na gari la zamani mara nyingi halina hata kimoja. Ukijaza buti, pua inanyanyuka na mstari wako mzuri unapanda nao. Mota za kurekebishia kimo kutoka kabini ndizo cha chini kabisa, na ushushe taa kila unapopakia.